Ufa wa Usukani

Usukani hauna sifa ya kuua lori. Lori hufa kwa injini iliyokata pumzi, kwa chesisi iliyopinda, kwa bodi iliyoliwa na kutu mpaka mchanga unadondoka njiani. Usukani wenyewe hupasuka polepole, mwaka hadi mwaka, na dereva huuzoea. Ufa ukianza kumbana ngozi ya kiganja kila anapokata kona, anahamisha mkono kidogo na safari inaendelea. Ukimwona dereva wa lori la zamani ameshika usukani mahali pasipo pa kawaida, mkono mmoja umepanda juu kabisa na mwingine umeshuka karibu na goti, usidhani ni madoido. Huenda anakwepa ufa.

Niliyemwona mimi akikwepa hivyo anaendesha Bedford la kijeshi lililozeeka, linalobeba mawe na kokoto kutoka vilima vya pembezoni mwa Mwanza. Kazi hiyo haiishi, kwa kuwa jiji lenyewe limekaa juu ya mawe na kila anayejenga huanza kwa kuyaondoa au kuyanunua. Rangi ya juu ya lori ni bluu, chini yake nyeupe, na pale bampa lilipogongwa kijani cha jeshini kinachungulia. Paa la kabini lina tundu la duara lenye kifuniko, ambalo hakuna mbeba kokoto angelihitaji. Mwenye lori alilinunua kwa mtu aliyelinunua mnadani. Historia inayoweza kuthibitishwa inaishia hapo, ingawa yeye anaapa kwamba lilikwenda Kampala mwaka 1979, katika vita dhidi ya Idi Amin. Huku Kanda ya Ziwa kila lori kuukuu lenye kijani chini ya rangi lilikwenda Kampala. Kama yote yangekwenda kweli, foleni ingeanza Kyaka na kuishia Entebbe.

Bedford lilikuwa jina la malori ya kampuni ya Vauxhall ya Uingereza. Aina ya RL, ya tani tatu na inayovuta kwa magurudumu yote manne, iliingia katika jeshi la Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950 na ikasambaa popote walipokuwa na kambi. Injini ni ya petroli, silinda sita, na dereva anakaa ubavuni mwake, joto likimpanda miguuni. Pawa stelingi hakuna. Nguvu ya kugeuza tairi la mbele lenye mzigo juu yake inatoka mabegani mwa dereva, inapita kwenye duara la usukani na kuteremka kwenye nguzo yake hadi boksi la stelingi. Ndiyo maana usukani wa lori kama hilo ni mpana kupita wa gari dogo: upana wake ndio wenzo. Wapo wanaofunga usukani wa pikapu baada ya ule wa asili kuharibika, na utawatambua kwa jasho. Kila kona wanatamani utingo aje ashike upande wa pili.

Ukiukata vipande viwili usukani wa miaka ile utakuta ndani fremu ya chuma: kitovu, spoku na duara lililounganishwa kwa moto. Nje kuna ganda jeusi, mara nyingi la mpira uliopikwa na salfa nyingi hadi ukaacha kunyumbuka, au la plastiki za mwanzomwanzo. Chuma na ganda havizeeki kwa namna moja. Chuma hupanuka kwa joto kikarudi kilipokuwa. Ganda hunyauka. Jua, hewa, jasho na mafuta ya mikono hulikausha, nalo huzidi kusinyaa juu ya chuma kisichosinyaa, likijivuta mpaka liachie. Huachia kwanza pale spoku inapokutana na duara, maana hapo ndipo dereva anapotia nguvu na hapo ganda limefungwa pande zote, halina pa kukimbilia.

Mwanza iko takriban nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, kwenye mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua linalopiga kioo cha lori lililoegeshwa mchana kutwa halina masihara. Ganda likishapasuka maji yanapata njia: jasho la kiganja, mvua za vuli zinazopenya mlango usiofunga, unyevu wa ziwa wa alfajiri. Chuma kinaota kutu. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo huvimba na kulisukuma ganda kutoka ndani. Kazi iliyoanzwa na jua inamaliziwa na maji.

Gereji aliyoiendea dereva wetu iko Igoma, kando ya barabara ya Musoma, chini ya mwembe, bila bango. Fundi ni mzee wa Kisukuma asiye na haraka.

“Mwangaluka, mzee.”

“Mwangaluka, mwanangu. Lete habari.”

“Naomba uweke bodifila kwenye usukani hapa, upake rangi nyeusi, niondoke. Kuna mtu ananisubiri na mzigo.”

“Unataka usukani au unataka rangi?”

Dereva alicheka, lakini mzee alikuwa anauliza kwa dhati. Alichukua spana akaanza kuligonga duara taratibu, nafasi kwa nafasi, sikio likiwa karibu kana kwamba anapima tikiti maji sokoni. Penye ganda lililoshikamana na chuma sauti ilikuwa fupi na kavu. Palipoachia ilikuja na mtetemo. Macho yalikuwa yameona ufa mmoja. Sikio likaonyesha kwamba ganda limeachia zaidi ya shubiri kila upande wa ufa huo, mahali ambapo uso wake ulikuwa laini na mzima.

Kuutoa usukani kulikwenda kwa adabu. Alifungua kitufe cha honi, akachomoa waya, akaifikia nati kubwa ya katikati. Kabla ya kuigusa alikwaruza mstari kwa ncha ya msumari, nusu kwenye nguzo na nusu kwenye kitovu, ili usukani urudi kwenye jino lilelile ulilotoka. Ukirudishwa jino moja pembeni lori litakwenda sawa, ila spoku zitakaa upande, na dereva atahangaika kunyoosha kitu kisichopinda. Nyundo haikuonekana kabisa. Aliyezoea kuung'oa usukani kwa kuupiga kwa chini hupeleka mapigo yote kwenye beringi na meno ya boksi la stelingi, kisha wiki inayofuata anashangaa usukani umekuwa na pleyi. Mzee alifunga pula, akakaza bolti yake robo kwa robo, akamwagia kitovu mafuta ya breki kidogo, akasubiri. Usukani ukaachia kwa mlio mmoja.

Aliuosha kwa maji na sabuni ya unga, akaufuta kwa petroli kuondoa mafuta ya mikono ya miaka, kisha akachukua tupa ya pembetatu. Hapo dereva akasimama. Kwa maana mzee hakuziba ufa. Alianza kuupanua.

“Mzee, unaumaliza usukani!”

“Tulia, mwanangu. Sijafika kwenye chuma.”

Vumbi jeusi lilidondoka magotini mwake, lenye harufu ya mpira na kiberiti. Mpasuko uliokuwa mwembamba kama unywele ukawa mtaro ambao ungeweza kulaza kalamu ndani yake. Chini kabisa kikatokea chuma, kahawia, kimejikunja magamba. Alikikwangua kwa brashi ya waya na msasa mpaka kikang'aa, akauchunguza mshono wa spoku na duara kwa tochi ya simu, akaupaka mate kwa kidole ili mpasuko wa chuma, kama upo, ujichore. Haukuwepo. Ndipo akasema neno la kwanza la matumaini tangu asubuhi: mfupa ni mzima. Angekuta mshono umeachia au kitovu kimepasuka, alinieleza, angeirudisha kazi hiyo na pesa yake. Kuchomelea duara huunguza ganda lote, na kitovu kilichopasuka hakirudishiwi imani na mtu yeyote, hata akiwa na mashine ya kuchomelea ya namna gani.

Kila mzungumzaji wa Kiswahili ana methali ya ufa mdomoni, ile ya usipouziba utajenga ukuta. Ni ya kweli, na imeokoa nyumba nyingi. Lakini kwa fundi ina pengo. Inahimiza haraka, haisemi uchungulie kwanza. Bodifila iliyowekwa juu ya kutu hupendeza kwa majuma kadhaa. Imetengenezwa kwa ajili ya bati la bodi, haishiki vizuri kwenye mpira, na ikikauka haikubali kunyumbuka hata kidogo; usukani unaotetemeka kutwa nzima juu ya barabara ya changarawe utaitema. Kabla haijatemwa, kutu inaendelea kuvimba chini yake, na safari hii hakuna anayeiona. Kwa hiyo zipo nyufa ambazo kuziziba ndiko kunakozikuza.

Nadhani Mwalimu Nyerere alilijua hilo. Machi 1995, akiwa nje ya urais kwa karibu miaka kumi, alizungumza na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, hotuba ambayo mpaka leo tunaiita “Nyufa”. Aliitazama nchi kama nyumba iliyotikiswa, akazitaja nyufa zake moja baada ya nyingine: Muungano, ukabila, udini, rushwa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi baada ya kurudishwa kwa mfumo huo, na wapo waliotaka mzee wa Butiama apake rangi kidogo, awatulize watu. Yeye akashika tupa. Wengi hukumbuka hotuba hiyo kwa ukali wake. Mimi huikumbuka kwa mpangilio wake wa kifundi: alionyesha kwanza ufa umefika wapi, ndipo akasema nani anafaa kuukarabati.

Turudi kwenye lori. Kama kweli lilikwenda vitani, lilipita katika jiji ambalo wakati ule lilikuwa mlango wa nyuma wa uwanja wa mapambano. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Jeshi letu, lililokuwa na askari wasiofika 40,000, liliongezwa kwa majuma machache hadi kuzidi 150,000 pamoja na mgambo, na watu hao wote walitakiwa kufika upande wa pili wa ziwa mvua zikinyesha. Mwanza ilikuwa na reli tangu 1928, na pia bandari na akiba ya mafuta. Kutoka hapa hadi Bukoba kwa barabara ya kuzunguka ziwa ni zaidi ya kilomita 400, nyingi zikiwa za udongo wakati huo. Malori ya jeshi hayakutosha. Serikali ikachukua malori na mabasi ya raia.

Vita vyenyewe viliigusa Mwanza siku moja ya Machi 1979, pale ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilipokuja kulipua matangi ya mafuta. Ilikosa shabaha. Silaha zake ziliangukia kisiwa cha Saanane, kilichokuwa hifadhi ya wanyama, zikaua swala. Leo Saanane ni hifadhi ya taifa, na wanafunzi wanaovushwa kwa boti kwenda kuona pimbi na mamba hawaambiwi sana habari hizo. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979.

Kilichofuata ndicho kilichowafundisha akina mzee kazi yao. Mwalimu aliomba taifa lifunge mkanda kwa miezi 18; mkanda ukafungwa kwa miaka. Fedha za kigeni hazikuwepo, spea hazikuwepo, na mtu aliyekuwa na kikombe cha breki cha Bedford alikificha kabatini pamoja na sukari. Mwaka 1983 ilipokuja operesheni ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, watu walitupa bidhaa usiku kuepuka kukamatwa nazo. Katika mazingira hayo fundi aliyengoja kipuri kutoka Uingereza alilala njaa. Aliyefaulu ni yule aliyejua kuchonga bushi kwa mbao ngumu na kukata gasketi kwa mpira wa ndani wa tairi. Jeshi nalo lilifikia uamuzi wake: Kibaha, kwenye mradi wa Nyumbu, likaunda lori la Kitanzania. Sijawahi kuushika usukani wa Nyumbu, na ningependa.

Huko Ulaya wapo wapenzi wa magari ya kijeshi ya zamani wanaokutana majira ya joto kuonyeshana Bedford zilizong'arishwa. Kwao usukani uliopasuka una jibu lake: kutafuta mwingine wa mwaka uleule, au kuutuma kwa mtaalamu auvishe ganda jipya ndani ya kalibu, utoke kama ulivyotoka kiwandani. Kazi yao ni nzuri na siibezi. Lakini usukani kama huo unaanza umri upya. Pale mikono ya madereva ilipolisugua ganda hadi likapoteza mistari yake, upande wa kulia zaidi ya kushoto kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa kwenye gia, panafutika. Mzee wa Igoma hakuwa na kalibu wala hakuwa na nia hiyo. Alichanganya gundi ya mirija miwili, kipimo sawa kwa sawa, juu ya kipande cha kioo, akaijaza mtaroni kwa tabaka mbili badala ya moja nene, ya pili ikavimba juu ya uso wa usukani kwa makusudi, kwa sababu kilichozidi hupunguzwa na kilichopungua hakirudi. Akauacha ulale. Asubuhi alishusha kivimbe kwa tupa, kisha msasa mkavu, kisha msasa laini wenye maji. Gundi ilibaki kijivu katikati ya weusi. Rangi akapaka pale tu alipokwaruza. Pale palipolainishwa na mikono hakupagusa.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimtuma kijana wake na usukani hadi Kirumba, Mwaloni, kwa mshona nyavu. Mshona nyavu ni fundi wa aina yake. Anaweza kuzungumza na wanunuzi wa dagaa, kukemea watoto na kuhesabu matundu ya wavu kwa wakati mmoja. Aliubana usukani kati ya magoti, akaanza kuuzungushia uzi wa nailoni wa nyavu za sangara kuanzia shubiri moja kabla ya ufa hadi shubiri moja baada yake, akiuvuta kwa sindano ya mbao kila mzunguko mpaka uzi ulie. Kila baada ya mizunguko michache alipiga fundo, na fundo aliliweka upande unaotazama dashibodi ili lisimchome dereva. Sababu ya mafundo hayo alinieleza bila kuinua kichwa: uzi ukikatika mahali pamoja, usifumuke wote. Kwenye wavu kanuni ni hiyohiyo, na sangara wa kilo 40 hasubiri ukumbuke.

Jioni ya siku hiyo usukani ulirudi kwenye jino lake. Mzee alikaza nati, akampandisha dereva, akamwambia akate kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, lori likiwa limesimama na mzigo juu, kwa kuwa hapo ndipo mikono inapoomba nguvu nyingi kuliko popote. Haukulia. Dereva alishika mahali panapostahili, akatazama mikono yake, akauliza bei.

Ndipo nilipomuuliza mwenye lori swali ambalo nilikuwa nalo tangu mwanzo: nani alikuwa analiendesha Kampala? Hajui. Hakuna anayejua. Vitabu vya vita vile vilitoka mapema. Baldwin Mzirai alichapisha “Kuzama kwa Idi Amin” mwaka 1980, na Henry Muhanika akatoa utenzi wake wa Vita vya Kagera mwaka uliofuata. Makaburi ya mashujaa Kaboya, wilayani Muleba, yanatunzwa kwa heshima. Makamanda tunawataja kwa majina. Ila dereva raia ambaye lori la tajiri wake lilichukuliwa na yeye akachukuliwa pamoja nalo, aliyeshika usukani usiku bila taa kwenye tope la Kagera na mabomu nyuma ya kiti chake, amebaki chini ya rangi. Tulimshangilia aliporudi, tukamfunika kwa shangwe, hatukumuuliza alichokiona. Na malori yenyewe tunayauza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ambao huanza kwa kung'oa usukani na kuutupa, maana mpira hauyeyuki vizuri.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka 1978 sasa amepita 70. Wapo Nyakato, wapo Magu, wapo Sengerema na Geita, wengine wamekaa barazani hivi sasa. Kama kuna mmoja katika ukoo wako, shikamoo yako isiishie mlangoni. Kaa, mwulize aliendesha gari gani, barabara ipi, alibeba nini na nani alikufa, na uandike anachokujibu, tarehe na majina, hata kama mwanzoni atasema hakuna la maana.